Dozi Ileile, Usingizi Mrefu Zaidi

Midazolamu ni dawa ya usingizi ya kundi moja na diazepamu. Katika chumba cha wagonjwa mahututi hutumika kumtuliza mtu aliyepitishwa mpira kooni na kuunganishwa na mashine ya kupumulia, asije akapambana nayo au akauchomoa mpira. Madaktari waliipenda tangu ilipoingia sokoni miaka ya 1980 kwa sababu huanza kazi upesi na huisha upesi: kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya dawa iliyomo kwenye damu huondoka kati ya saa moja na nusu na saa tatu. Kwa mgonjwa ambaye mwili wake unawaka kwa maambukizi makali, sifa hiyo ya pili hupotea. Dozi iliyoandikwa sawasawa, kwa uzito wa mgonjwa na kwa saa, humlaza siku kadhaa zaidi ya ilivyokusudiwa, na hesabu ikirudiwa hakuna kosa linaloonekana.

Habari hii ingeweza kubaki ya mabingwa wa Muhimbili na wenzao wa ng'ambo kama mambo yasingebadilika nchini. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi katika hospitali za mikoa na za halmashauri. Kwa ukanda wa Nyanda za Juu Kusini hilo lilikuwa jambo la maana. Mji wa Mafinga upo juu ya barabara kuu ya TANZAM, kama kilomita 80 kutoka Iringa mjini, na malori ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Pembeni yake kuna msitu wa Sao Hill na viwanda vya mbao vinavyoutegemea. Mbele kidogo mashamba ya chai ya Mufindi, na baridi ya Juni na Julai ambayo huleta nimonia kwa watoto na wazee. Wagonjwa wa kuhitaji uangalizi wa karibu hawakosekani. Kinachochelewa kufuata majengo ni maarifa ya namna dawa zinavyobadilika tabia ndani ya mwili wa mtu aliyezidiwa, na maarifa hayo hayaji kwenye kreti pamoja na mashine.

Kinachozibadilisha dawa tabia ni mwako, ambao kwa maana ya kitabibu ni jinsi mwili unavyojibu unaposhambuliwa au kujeruhiwa. Mishipa midogo ya damu hupanuka, maji huvuja kwenda kwenye nyama, chembe nyeupe hukusanyika, joto hupanda. Kidole kikichomwa na mwiba, hayo yote huishia kidoleni. Kwa mgonjwa wa nimonia ya mapafu yote mawili, wa utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, au aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, ishara hizo huingia kwenye damu na kufika kila kiungo. Zinazozibeba ni protini ndogo ziitwazo saitokini, na inayohusika zaidi hapa ni intaleukini-6. Si lazima kijidudu kiwepo. Paja lililovunjika, kifua kilichobanwa na bodi la gari, hata upasuaji mkubwa wenyewe, vyote huamsha saitokini zilezile. Tarehe 11 Machi 2015 basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori lenye kontena eneo la Changarawe, Mafinga, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mtu anayetolewa kwenye ajali ya namna ile akiwa na majeraha makubwa hufika hospitali mwako ukiwa umeshaanza, siku kadhaa kabla ya jeraha lolote kuota usaha.

Intaleukini-6 ikifika kwenye ini, ini hubadili ratiba. Huanza kutengeneza kwa wingi protini za vita, mojawapo ikiwa CRP, ambayo kwa mtu mzima wa afya haifiki miligramu 10 kwa lita moja ya damu na kwa mgonjwa mahututi huweza kupita 300. Wakati huohuo hupunguza kutengeneza vitu vingine: albumini, na vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa. Kimeng'enya kinachohusika zaidi huitwa CYP3A4. Hicho ndicho hushughulikia kati ya theluthi moja na nusu ya dawa zote zinazotumiwa na binadamu, na midazolamu hukitegemea karibu kwa kila kitu. Ndani ya chembe ya ini kuna vipokezi viwili, PXR na CAR, ambavyo kazi yake ni kuamuru CYP3A4 itengenezwe, na saitokini huvinyamazisha. Ini la namna hii halina kovu wala saratani, na vipimo vya kawaida vya ini vinaweza kusomeka vizuri tu. Ni kama kiwanda cha mbao kilichopata oda ya ghafla ya majeneza: msumeno upo, umeme upo, vibarua wapo, ila mbao za kenchi za mteja wa kila siku zimewekwa kando.

Ushahidi wa kwanza ulitoka kwa panya. Mwaka 1976 Kenneth Renton na Gilbert Mannering, wakiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, walionyesha kwamba vitu vinavyoamsha kinga dhidi ya virusi hupunguza nguvu ya vimeng'enya vya ini. Miaka minne baadaye ukaja wa watoto. Mafua ya aina B yalienea Seattle na viunga vyake mwaka 1980, na watoto 11 wa pumu waliokuwa wakitumia tiofilini, ndugu wa aminofilini ijulikanayo sana katika hospitali za hapa, wakaanza kuonyesha dalili za kuzidiwa na dozi waliyokuwa wameizoea. Hakuna aliyekuwa amewaongezea dawa. Mafua ndiyo yaliyokuwa yamezuia ini lao. Mwaka 1987 madaktari wa usingizi wa Cambridge, Shelly, Mendel na Park, wakaandika kuhusu wagonjwa mahututi walioshindwa kabisa kuvunja midazolamu: dawa ilikaa kwenye damu, na zao lake la kwanza halikuonekana hadi mgonjwa alipoanza kupata nafuu. Hapo ndipo jambo lilipogusa moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi.

Uthibitisho wa kupendeza zaidi ulipatikana kwa njia ya kinyume. Ikiwa intaleukini-6 ndiyo inayozima kimeng'enya, basi kuifunga kungekiwasha upya. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa tosilizumabu, dawa inayoziba kipokezi cha intaleukini-6. Wiki moja baada ya sindano moja, kiwango cha simvastatini, dawa ya kolesteroli inayovunjwa na CYP3A4, kilishuka mwilini mwao kwa asilimia 57. Ini lilikuwa limerudi kazini.

Afrika Mashariki ina historia yake katika suala hili, ingawa imeandikwa chini ya jina la malaria. Kwa miongo mingi dripu ya kwinini ndiyo iliyokuwa tiba ya malaria kali, na kwinini nayo huvunjwa na CYP3A4. Ilijulikana mapema kwamba mgonjwa aliyezidiwa huitoa polepole kuliko mgonjwa wa malaria ya kawaida, na ndiyo sababu ya agizo ambalo kila tabibu wa zamani analikumbuka: mgonjwa asipopata nafuu baada ya saa 48, dozi ipunguzwe kwa theluthi moja. Kilichowaokoa wengi ni protini nyingine ya mwako, inayopanda damuni na kuishika kwinini isifanye madhara yote ambayo ingeweza kuyafanya. Baada ya utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, ambao Muheza na Korogwe zilishiriki, atesuneti ilichukua nafasi ya kwinini kwa watoto, na agizo lile likaanza kusahaulika. Ni hasara kidogo, kwani lilikuwa somo kamili la famakolojia ya mgonjwa mahututi lililokuwa likifundishwa hadi kwenye vituo vya afya bila kuitwa hivyo.

Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walipima diazepamu na midazolamu zenyewe kwa watoto wenye malaria kali na degedege. Bernhards Ogutu na wenzake walichapisha mwaka 2002, Simon Muchohi na wenzake mwaka 2008. Tafiti hizo zilihusu dozi za kukomesha degedege, na hapo pana tofauti inayostahili kuangaliwa. Dozi moja ya midazolamu huisha nguvu hasa kwa sababu dawa hutoka kwenye ubongo na kusambaa kwenye mafuta na misuli. Ini huchangia kidogo tu kwenye kuzinduka huko. Kwa hiyo mtoto wa degedege hazinduki kwa kuchelewa sana hata kama mwako umembana ini. Mambo hugeuka dawa inapotiririshwa saa 24 kwa siku. Mafuta na misuli vikishajaa, njia pekee iliyobaki ni ini, na ini ndilo lililopunguza kazi.

Kiasi cha upungufu huo kilipimwa vizuri huko Rotterdam. Nienke Vet na wenzake wa hospitali ya watoto ya Sophia walichapisha mwaka 2016 matokeo ya watoto 83 waliokuwa mahututi. Mtoto mwenye CRP ya 300 aliiondoa midazolamu kwa kasi iliyo pungufu kwa asilimia 65 ikilinganishwa na mwenye CRP ya 10. Mtoto ambaye viungo vitatu vya mwili vimeshindwa kazi aliiondoa kwa kasi pungufu kwa asilimia 35 kuliko yule wa kiungo kimoja. Mji huohuo, wakati wa UVIKO-19, ulionyesha mwelekeo uleule kwa watu wazima: kadiri mwako ulivyokuwa mkali, ndivyo midazolamu ilivyokawia.

Asilimia 65 ni tarakimu inayopita haraka machoni. Inafaa kuishusha hadi kwenye chupa ya dripu. Pale ambapo hakuna pampu ya sindano, au ipo na betri yake imekufa, miligramu 50 za midazolamu huchanganywa kwenye mililita 500 za maji ya chumvi, yaani miligramu moja katika kila mililita 10. Mgonjwa akiandikiwa miligramu nne kwa saa, anahitaji mililita 40 kwa saa. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, hiyo ni matone 13 kwa dakika, ambayo nesi huyahesabu kwa saa ya mkononi. Mgonjwa akijigeuza au mkono ukikunjwa, matone hubadilika. Yakifika 20 kwa dakika, tayari ni miligramu sita. Kosa hilo kila muuguzi analijua na hulitafuta. Lile la ini halionekani kwenye mpira. Kasi ya kuondoa dawa ikishuka kwa asilimia 65, miligramu nne kwa saa hatimaye hujenga kwenye damu kiwango kile ambacho mtu wa ini zima angekipata kwa miligramu zaidi ya 11. Matone ni 13 vilevile.

Neno la kuzingatia hapo ni "hatimaye". Dawa inayotiririshwa hufika kiwango chake cha kutulia baada ya muda ulio mara nne au tano ya ule wa nusu ya dawa kuondoka. Nusu ikiondoka kwa saa tatu, kiwango hutulia baada ya saa 12 hadi 15, yaani ndani ya zamu mbili. Nusu hiyo ikihitaji karibu saa tisa, kiwango kitaendelea kupanda kwa siku moja na nusu au zaidi. Jioni ya kwanza mgonjwa anaonekana yuko pale panapotakiwa: ametulia, akiitwa anafungua macho. Dozi inaachwa. Usiku wa pili haitikii, na faili linasema hakuna kilichobadilishwa. Aliyepo zamu si yule aliyeanzisha dripu, na swali la kwanza linalomjia ni kama ubongo umeumia.

Swali hilo ni la halali, maana maambukizi makali hulewesha ubongo hata bila dawa yoyote, na ubongo ulioleweshwa hivyo hulemewa na dozi ndogo. Ila lina gharama. Utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2000 na John Kress na wenzake ulilinganisha wagonjwa 128: karibu nusu yao dawa ya usingizi ilisimamishwa kila asubuhi hadi wazinduke, wengine waliendelea kama kawaida. Waliosimamishiwa walikaa kwenye mashine siku 4.9, wenzao 7.3. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba katika kundi la kawaida asilimia 27 walipelekwa kufanyiwa vipimo vya kutafuta sababu ya kutozinduka, kundi jingine asilimia 9 tu. Kwa familia ya Mafinga, kipimo cha picha ya ubongo humaanisha gari la wagonjwa, safari ya Iringa au Mbeya, mtungi wa oksijeni unaoweza kuishia njiani, na ng'ombe au kiwanja kinachotafutiwa mnunuzi usiku. Kabla ya hayo, dripu ingesimamishwa kwanza.

Figo huongeza tabu ya namna nyingine. Midazolamu ikishavunjwa, mazao yake huunganishwa na sukari na kutolewa kwa mkojo. Zao hilo la mwisho lina nguvu ndogo ya kulaza, lakini figo zikifeli hujilimbikiza hadi nguvu ndogo ikawa kubwa. Jarida la Lancet lilichapisha mwaka 1995 habari za wagonjwa wa figo walioendelea kulala muda mrefu huku midazolamu yenyewe ikiwa imekwisha damuni. Mgonjwa wa maambukizi makali mara nyingi ana yote mawili, ini lililozimwa na figo zilizokauka. Kwa hiyo chupa ya mkojo iliyo chini ya kitanda ni kipimo cha dozi pia, na kipimo hicho hakihitaji umeme.

Dawa nyingine hazilingani. Diazepamu, ambayo hupatikana karibu kila mahali, ni mbaya zaidi kwa kutiririshwa: zao lake linalolaza huweza kuhitaji siku nne ili nusu yake iondoke hata kwa mtu mzima wa afya, na wanaowatibu wagonjwa wa pepopunda kwa dozi kubwa za diazepamu wanajua jinsi usingizi unavyoendelea baada ya mikakamao kwisha. Propofoli hupitia kimeng'enya cha kundi jingine, lile la kuunganisha, ambalo mwako huligusa kidogo kuliko CYP3A4. Kasi yake hutegemea zaidi damu inayofika kwenye ini. Ni dawa nzuri kwa sababu hiyo, lakini hushusha presha, na mgonjwa wa maambukizi makali mara nyingi presha yake imeshuka tayari. Mofini nayo huunganishwa, ila zao lake lenye nguvu hutoka kwa figo. Fentanili hutegemea CYP3A4. Ketamini pia huitegemea kwa sehemu, lakini haimnyimi mgonjwa pumzi kirahisi wala haishushi presha kwa kawaida, na kwa hospitali ya wilaya ni dawa inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa na vitabu vya nchi tajiri. Wanaoipuuza aghalabu hawajawahi kufanya kazi mahali ambapo oksijeni hukatika.

Ugumu wa pekee wa Nyanda za Juu Kusini ni dawa ambazo mgonjwa huja nazo. Njombe na Iringa zimekuwa juu ya mikoa mingine ya Tanzania Bara kwa kiwango cha maambukizi ya VVU kwa miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliwakuta wakiishi na virusi watu wazima 11 hivi kati ya kila 100 mkoani Iringa. Kifua kikuu hufuatana na VVU, na rifampisini ndiyo nguzo ya tiba yake. Rifampisini hukikamata kipokezi kilekile cha PXR ambacho saitokini hukinyamazisha, lakini yenyewe hukiamsha kwa nguvu. Watu wenye afya waliotumia rifampisini kisha wakameza midazolamu walibaki na chini ya asilimia 10 ya dawa ambayo ingetarajiwa damuni. Ya mshipani hupungua pia, ingawa si kwa kiasi hicho. Kwa hiyo mgonjwa wa kifua kikuu aliye katika mwezi wa pili wa dawa anaweza kupita dozi za kawaida bila kutulia. Huyohuyo akipata maambukizi makali, mkono mmoja unasukuma kimeng'enya juu na mwingine unakikandamiza chini. Atakwenda upande gani, hakuna jedwali linaloweza kusema.

Dawa za VVU zenyewe zimekuwa rafiki zaidi kuliko zamani. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge cha mstari wa kwanza, haiisumbui midazolamu. Efavirenzi iliyotangulia ilikuwa ikiharakisha uvunjaji wake. Hatari imebaki kwenye mstari wa pili, wenye ritonaviri, ambayo huifunga CYP3A4 takriban kabisa. Flukonazoli ya homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi huifunga kwa kiasi, na erithromaisini ya kifua vilevile, wakati azithromaisini haifanyi hivyo. Mtu akiwa na mwako mkali, ritonaviri na figo dhaifu kwa pamoja, miligramu nne kwa saa haifai hata kuanza nayo. Na habari zote hizo zimo kwenye kadi ya kliniki ambayo ndugu ameiacha nyumbani, au ameificha kwa sababu shemeji yupo hapo nje. Nesi anayejua kuuliza faraghani, mbali na ukoo, huokoa zaidi ya mashine.

Kupima kiwango cha midazolamu kwenye damu hakuwezekani katika hospitali za wilaya, na hata Ulaya ni hospitali chache zinazofanya hivyo kila siku. CRP hupimika katika maabara nyingi, na inasaidia kuonyesha mwelekeo. Hupanda hadi kilele ndani ya siku mbili hivi, na chanzo kikizimwa, nusu yake huondoka kila baada ya saa 19. Lakini chombo kikuu ni kingine: kipimo cha Richmond, kilichochapishwa mwaka 2002, chenye ngazi kuanzia jumlisha nne kwa mgonjwa anayepigana hadi toa tano kwa asiyeitikia kitu. Nesi husimama kando ya kitanda na kusema kwa sauti ya kawaida, "Baba, fungua macho unitazame." Akimtazama zaidi ya sekunde 10, ni toa moja. Akitazama chini ya hapo, toa mbili. Akijongea bila kutazama, toa tatu. Asipoitikia sauti, hutikiswa bega. Akijongea kwa kuguswa tu, ni toa nne. Kazi nzima haimalizi dakika moja. Wagonjwa wengi hutakiwa wawe kati ya sifuri na toa mbili, na wanaohitaji kulazwa zaidi ya hapo ni wachache wenye sababu maalumu.

Kipimo hicho kikiandikwa kila baada ya saa mbili au nne, mlimbikizo wa usiku wa pili huonekana ukianza, na matone hupunguzwa kabla hayajawa tatizo. Kikifanywa mara moja kwa zamu, au kikiandikwa kwa kunakili cha asubuhi, hakisaidii. Hapa ndipo fedha za ukuta na za vifaa zinapofikia ukingoni: ngazi ya Richmond ni karatasi, anayehitajika ni muuguzi mwenye wagonjwa wawili badala ya wanane. Utafiti mkubwa wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa na Lancet mwaka 2025 uliona kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na zaidi ya theluthi mbili ya hao mahututi walikuwa kwenye wodi za kawaida. Wengi wanaopewa diazepamu ya kutulizwa hawako hata kwenye chumba chenye jina la ICU.

Mengine yanayowezekana ni ya utaratibu. Maumivu yatibiwe kwanza, kwani mgonjwa anayehangaika kwa mguu uliovunjika hahitaji usingizi, anahitaji dawa ya maumivu. Dozi ndogo za mara kwa mara, zinazotolewa pale tu kipimo kinapozidai, hufaa kuliko dripu ya mfululizo palipo na mwako mkali. Asubuhi dripu isimamishwe na mgonjwa asubiriwe azinduke, isipokuwa kama ana degedege au sababu nyingine ya wazi. Flumazenili, dawa ya kufuta kazi ya midazolamu, haina msaada mkubwa hapa: huisha ndani ya saa moja hivi, midazolamu iliyojilimbikiza ikabaki, mgonjwa akalala tena, na inaweza kuamsha degedege. Anayepelekwa Iringa au Mbeya aende na barua ya rufaa inayotaja dawa ya usingizi, jumla ya miligramu za saa 24 zilizopita na saa dripu iliposimamishwa. Kuandika "alipewa midazolamu" pekee kunamwachia daktari wa upande wa pili kazi ya kubahatisha.

Nafuu nayo ina hila zake, na hili husahaulika kuliko yote. Antibayotiki zikifanya kazi au utumbo uliotoboka ukishashonwa, intaleukini-6 hushuka, na ndani ya siku kadhaa ini huanza kutengeneza CYP3A4 upya. Dozi iliyokuwa ikimlaza kupita kiasi Jumatatu inakuwa haimtoshi Ijumaa. Mgonjwa anazinduka kwa ghafla, mpira ungali kooni, mikono inatafuta cha kuchomoa. Wodini hilo huchukuliwa kama kurudi nyuma, dozi hupandishwa, siku za mashine huongezeka. Mara nyingi ni ishara kwamba wakati wa kujaribu kumtoa kwenye mashine umefika, na CRP inayoshuka ingelionyesha hilo kwa anayeitazama.

Kinachobaki ni utafiti wa hapahapa. Watoto 83 wa Rotterdam hawawezi kusemea ini la Mhehe au Mbena. Waafrika wengi wana kimeng'enya cha pili, CYP3A5, chenye nguvu kamili, ambacho Wazungu wengi hawanacho, nacho huvunja midazolamu pia. Kiasi ambacho kinafidia CYP3A4 iliyozimwa na mwako hakiwezi kukisiwa kutoka mbali. Mbeya kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambacho kimeshiriki majaribio ya dawa za kifua kikuu kwa miaka mingi, na chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo mji huohuo, jirani na hospitali ya rufaa ya kanda. Wagonjwa wa rifampisini, wa ritonaviri na wa ajali za barabarani wako njia nzima kutoka Uyole hadi Mafinga. Damu inayochukuliwa kila siku kwa ajili ya kupima figo ingetosha: tone likaushwe kwenye karatasi, litumwe Mbeya, lipimwe midazolamu na CRP kwa pamoja, na pembeni yake iandikwe ngazi ya Richmond ya saa ileile.